Sanamu ya Mumias na Vyungu vya Wakisi

Mlangali ni mahali pa juu, penye baridi na ukungu, katika nchi ya Wapangwa, wilaya ya Ludewa. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba watoto huenda shuleni wamejikunyata, na pumzi zao huonekana kama moshi. Pana mashamba ya mahindi na viazi, pana mianzi kando ya vijito, na njia zina udongo mwekundu unaoshika miguu wakati wa masika. Lakini hapana nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kuonyesha picha na sanamu. Mtu atakaye kuona picha zilizotundikwa ukutani ili watu wazitazame tu, hana budi kufunga safari ndefu mpaka mji mkubwa.

Hata hivyo watoto wa huko hupenda kuchora, kama wapendavyo watoto wa kila mahali. Huchora ng'ombe mchangani kwa kijiti; huchora magari ukutani kwa makaa, na mama akiona huwagombeza; hufinyanga watu kwa udongo wa kijitoni, na mvua ikinyesha watu wale huyeyuka. Walakini mtoto akifika darasa la sita au la saba, mara nyingi huacha kazi hizo. Akiulizwa sababu hujibu, "Nitajifunza wapi? Sijaona kitu bado. Mastadi hutoka mjini." Neno hili ni la huzuni, tena nusu yake ni kweli. Ni kweli kwamba mkono hufundishwa na jicho, na jicho lisilotazama kazi za wengine husinzia. Lakini si kweli kwamba kazi za kutazamwa ziko mjini tu.

Alikuwako mtoto mmoja aliyezaliwa mwaka 1922 huko Mumias, upande wa magharibi wa Kenya, jina lake Gregory Maloba. Mumias wakati ule haukuwa mji mkubwa. Palikuwa na kanisa la misheni, na ndani ya kanisa palikuwa na sanamu ya Bikira Maria. Mtoto yule hakuwa amewahi kuona kitu cha namna ile: mtu asiye mtu, mwenye uso na mikono na mavazi, amesimama wala hapumui. Sanamu ile ilimshtua kwanza, hata akaingiwa na hofu, kisha ikamvuta. Wenzake waliitazama pia, wakasali, wakatoka. Yeye alitoka akiichukua moyoni, akatafuta udongo, akaanza kufinyanga mwenyewe, pasipo mwalimu wa kumwambia, "Shika hivi, kata hivi."

Yafaa kukumbuka kwamba sanamu ile haikuwa kazi ya fundi mkuu wa dunia. Ilikuwa ya plasta, mfano wa zile zilizopelekwa kwa wingi katika makanisa ya misheni. Kumbe kitu kinachomwamsha mtu si lazima kiwe bora kuliko vyote. Jiwe la kiberiti ni dogo.

Wakati huohuo alikuwako huko Kampala bibi mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, mke wa daktari. Alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1929, akakaa kwanza Kenya, kisha mwaka 1935 akahamia Uganda. Mwaka 1937 alianza kuwafundisha wanafunzi wachache wa Makerere kuchora. Hakupewa jumba, walikusanyika barazani kwake. Ndivyo ilivyoanza shule ya sanaa iliyokuja kujulikana katika Afrika yote ya Mashariki, na ambayo hata leo inaitwa kwa jina lake. Wale wasemao kwamba hawawezi kuanza mpaka wapate chumba, meza na rangi za dukani, na waifikiri baraza ile.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa ngeni. Hakuwawekea wanafunzi picha ya Kizungu mbele yao waiige. Aliwasimulia habari. Mara ilikuwa habari ya sokoni, mara ya wawindaji wakirudi, mara habari katika Biblia. Naye aliisimulia taratibu, kwa maneno mengi, akitaja mwanga ulikotoka, na watu walivyosimama, na vumbi, na rangi za nguo, huku wao wakisikiliza na kuiona mioyoni mwao. Kisha aliwaambia wachore walichokiona. Basi kila mmoja alichora soko, walakini hapakuwa na masoko mawili yaliyofanana, maana kila mmoja alikuwa ameliona soko la kwao.

Hapa ndipo kitabu kinapoingia katika habari hii. Msimuliaji si lazima awepo. Kitabu chaweza kushika mahali pake. Mwenye kusoma habari ya mashua iliyopigwa na dhoruba, asipopewa picha yoyote ukurasani, hulazimika kuitengeneza mwenyewe: atayatafuta mawimbi katika yale aliyowahi kuyaona, atautafuta uso wa nahodha katika nyuso za wazee awajuao. Mtoto ahesabuye kurasa zilizobaki ili amalize upesi hawezi kuona kitu. Bali yule anayesimama katikati ya ukurasa, akafunika kitabu kwa kidole chake ndani, akatazama juu ya dari kitambo, huyo tayari anachora, ingawa hana kalamu mkononi. Walimu wengine humgombeza mtoto wa namna hiyo kwa uvivu. Pengine ni mvivu kweli. Lakini pengine siye.

Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wale zilionyeshwa Kampala, katika kilima cha Namirembe, na watu wakaja kuzitazama. Mwaka uliofuata, 1939, zilipelekwa mpaka London, zikaonyeshwa katika Imperial Institute. Si vigumu kufahamu jambo hilo lilivyokuwa kwa wanafunzi. Picha iliyo mezani kwa mwenye kuichora ni kama mtoto aliye mgongoni mwa mama yake: hana kasoro. Ikitundikwa ukutani, kando ya picha ya mwenzake, mbele ya macho ya wageni, ndipo mwenyewe huona kwamba mkono wa mtu wake ni mfupi, au kwamba miti yake yote imesimama kama askari. Ndipo tena huona jambo moja ambalo mwenzake amelifanya vizuri, akasema moyoni, "Kumbe laweza kufanyika!" Maonyesho hufundisha pande mbili, yule mwenye kutazama na yule mwenye kutazamwa.

Yule Gregory Maloba alifikaje kwa Bibi Trowell? Kazi zake za udongo zilionwa, akapata nafasi ya kwenda Makerere, akawa mmoja wa wanafunzi wa kwanza. Huko alijifunza kuchonga mti pia. Mwaka 1941 alichonga sanamu aliyoiita Mauti, nayo yatajwa hata sasa na waandikao habari za sanaa ya Afrika ya Mashariki. Baadaye akawa mwalimu hapohapo alipojifunza. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, yeye ndiye aliyefanya sanamu kubwa ya uhuru iliyosimamishwa mjini Kampala: mama amefungwafungwa mwilini kwa vitambaa kama mtu aliyekuwa kifungoni, naye amemwinua mtoto juu, na mtoto ameinua mikono yake angani. Labda mtazamaji akiijua habari ya Mumias atafikiri kwamba mama yule wa kanisani amerudi. Amerudi kweli, lakini si yule wa plasta. Huyu ni mwingine kabisa, mzito, mwenye nguvu, naye ni wa Maloba mwenyewe. Yule mtoto aliyeshtuka kanisani alifariki mwaka 2007, akiwa mzee mwenye kuheshimiwa.

Mwingine alitoka Machame, chini ya mlima Kilimanjaro, jina lake Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923. Naye alisoma Makerere, akawa mwalimu huko, kisha akapelekwa London katika shule ya sanaa iitwayo Slade, akakaa kutoka mwaka 1952 mpaka 1955. London mna majumba ya picha yasiyohesabika, na mtu aweza kukaa mwaka mzima akiingia kila siku katika jumba asiloliona jana. Basi wengi wangetazamia kwamba angerudi akichora madaraja na mvua ya Uingereza. Hakufanya hivyo. Picha zake zilijaa migomba, na vijia vyekundu, na watu wa Uchaggani wakilima, wakivuna, wakijenga, wakienda arusini. Mojawapo, inayoonyesha watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku, ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York, Marekani.

Tena Ntiro hakushika brashi peke yake. Mwaka 1953 kilitolewa kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Aliandika mambo yaleyale aliyoyachora. Huenda mtu ashangae kwamba stadi wa rangi ahangaike na herufi, lakini mwenye kutaka kuichora arusi hana budi kujua nani huingia kwanza, nani hubeba nini, na nani huketi wapi. Na mwenye kujua hayo yote ana kitabu tayari kichwani. Nchi ya Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alitumwa London kuwa balozi. Mchora migomba akawa balozi.

Hao wawili walisoma sana. Lakini Edward Saidi Tingatinga hakupata shule ya namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, kusini, akasoma kidogo tu. Alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam, akafanya kazi za namna nyingi ili apate chakula. Yapata mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao nyepesi za kuezekea dari, kwa rangi ya mafuta kama ile ya kupakia baiskeli. Vitu hivyo vyote alivipata mjini kwa bei ndogo. Picha zake zikauzwa Oysterbay, mahali paitwapo Morogoro Stores, na wageni wakazipenda.

Ndugu na jamaa zake wakaja wakaketi karibu naye. Hiyo ndiyo iliyokuwa karakana: kivuli, mikebe ya rangi, fundi mmoja, na vijana wachache waliotazama mkono wake. Katika kazi ya namna hiyo mwanagenzi hapewi somo ubaoni. Hutumwa kuleta rangi, huosha brashi, hupaka rangi ya chini kibao kizima, kisha siku moja huambiwa atie madoa ya chui. Akikosea huona mwenyewe, maana la fundi li kando yake. Miongoni mwa vijana hao walikuwamo January Linda, Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Simon Mpata.

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine, akafa. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne hivi. Kama angalijifungia chumbani peke yake, ustadi wake ungalizikwa pamoja naye. Lakini wale waliokuwa wameketi karibu naye waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakafanya chama cha ushirika. Leo jina la mtu yule limekuwa jina la namna nzima ya uchoraji, hata wako watu Ulaya walitamkao wasijue kwamba lilikuwa jina la mtu.

Walakini yapasa kusema neno jingine, ingawa si tamu. Katika maduka ya picha mtu aweza kuwaona chui ishirini waliofanana kama sarafu, kila mmoja ameandikwa jina la mchoraji wake. Chui wa kwanza alitoka katika moyo wa mtu. Wa ishirini alitoka katika chui wa kumi na tisa. Watu hawa wana watoto wa kulisha, wala si haki kuwacheka, kwa kuwa mgeni anunuaye ndiye atakaye chui yuleyule. Lakini mtoto anayejifunza hana mnunuzi bado, na kwa hiyo hana udhuru.

Juu ya jambo hili Elimo Njau alikuwa mkali kuliko wote. Yeye alizaliwa Marangu mwaka 1932, mwaka uleule wa Tingatinga, akasoma Makerere. Katika kanisa la Murang'a, nchini Kenya, alichora ukutani picha kubwa tano za maisha ya Yesu, akazimaliza mwaka 1959. Habari ni ya Bethlehemu na Yerusalemu, lakini vilima ni vya Wakikuyu, na watu ni Waafrika, na miti ni ile inayoonekana mtu akitoka mlangoni mwa kanisa. Mwaka 1965 yeye na wenzake walifungua Nairobi nyumba ya sanaa iliyoitwa Paa ya Paa, mahali pa kuonyesha kazi, kusoma, kuzungumza na kufanya kazi pamoja. Njau aliwafundisha vijana wasiige, akisema kwamba mwenye kuiga humlaza Mungu usingizi. Mwaka 1997 moto uliteketeza nyumba ile pamoja na kazi nyingi zilizokuwamo, kisha ikaanzishwa tena.

Sasa je, kijana asiige, naye ameambiwa atazame kazi za wengine? Walimu wa Makerere wenyewe hawakupatana katika jambo hili. Bibi Trowell hakupenda wanafunzi wake wajae picha za Ulaya machoni, asije akaharibu walichokuwa nacho. Alipoondoka mwaka 1958, Cecil Todd aliyeshika mahali pake aliwafungulia habari za mastadi wa Ulaya na elimu ya rangi zao, akiona kwamba kumficha mtu ni kumdharau. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Lakini Maloba aliitazama sanamu ya Kizungu akiwa mtoto, wala haikumharibu. Na Ntiro alikaa London miaka mitatu, migomba yake haikunyauka. Yaelekea hatari haiko katika kutazama, ila katika kutazama kidogo. Mwenye kuona picha moja tu huiiga, maana hana nyingine. Mwenye kuona mia hulazimika kuchagua, na katika kuchagua hujikuta mwenyewe.

Basi mtoto wa Mlangali ataziona wapi hizo mia? Bibi Trowell hakuwafundisha vijana wa chuoni tu. Alikwenda pia kwa wafinyanzi, na wasusi wa vikapu, na wafuma mikeka, akawatazama na kuwauliza, akazichora kazi zao. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa cha kazi za mikono za makabila ya Uganda. Mwalimu wa shule ya sanaa alijifanya mwanafunzi wa wanawake wa vijijini. Na wanawake wa namna hiyo hawako mbali na Mlangali.

Kutoka milima ya Upangwa nchi huteremka ghafula kwenda Ziwa Nyasa. Juu ni baridi na ukungu. Chini ni joto, mchanga, na mitumbwi. Ufukweni, katika ukanda mwembamba baina ya mlima na maji, wanakaa Wakisi. Kwa kuwa mashamba yao ni madogo, tangu zamani wanawake wao walishika kazi ya ufinyanzi, na vyungu vyao vikapelekwa kwa mitumbwi kandokando ya ziwa, na vichwani mpaka milimani, vikabadilishwa kwa nafaka. Kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, karibu na Matema, kuna soko la Lyulilo ambako siku za Jumamosi vyungu hupangwa pwani kwa wingi. Atakaye maonyesho, hayo ni maonyesho, wala hapana kiingilio.

Mfinyanzi wa Kikisi huuponda udongo na kuukanda mpaka uwe laini, kisha huukalisha juu ya kigae kinachozungushwa kwa mkono, akaupandisha kuta zake kidogo kidogo, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Hana gurudumu la kiwandani, walakini mdomo wa chungu hutoka mviringo kamili, na kuta zake huwa nyembamba hata mgeni hushangaa kwamba chaweza kukaa motoni. Chungu kikikauka husuguliwa, hupambwa kwa udongo mwekundu na mweupe, kisha huchomwa katika moto ulio wazi. Binti huketi kando ya mama yake, naye hupewa bonge dogo. Chungu chake cha kwanza huegemea upande mmoja. Mama hatoi hotuba. Hukibonyeza tena kikawa bonge, akamrudishia.

Vyungu hivyo vimefika Mlangali pia, na nyumba nyingi zingali nazo, ingawa sufuria za aluminiamu zimevisukuma pembeni. Pengine kimoja kiko jikoni sasa hivi, kimejaa masizi, kimegeuzwa juu chini karibu na kuni. Mtoto akikipeleka nje kwenye mwanga, akakifuta kwa jani, ataiona rangi chini ya masizi na mapambo yaliyozunguka shingo. Akiingiza mkono ndani, upande ambao haukusuguliwa sana, huenda vidole vyake vikapita juu ya mifuo midogo iliyolala mviringo, mmoja juu ya mwingine, mahali vidole vya mwanamke asiyemjua vilipopita udongo ulipokuwa bado mbichi.